Kibali cha Tawi Moja

Okari alikuwa shambani kwake kule Lambwe, akipalilia mtama, simu ilipoita. Namba hakuijua. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Jacktone, afisa wa misitu upande wa Migori, na aliongea kwa upole wa mtu anayejua kuwa anachoomba si kidogo.

"Bwana Okari, nimeambiwa wewe ni fundi wa kupogoa miti. Yule wa kupanda na kamba, si wa kuangusha tu."

"Ndiyo mimi."

"Basi kuna mvule hapa kwetu, unalindwa kisheria. Hata jani haliguswi bila karatasi. Sasa tawi moja limelalia paa la mama fulani mzee. Kibali kimetoka cha kukata hilo tawi moja, basi. Lakini lazima likatwe na mtu mwenye cheti, mimi nikiwa nimesimama hapo."

"Mti uko wapi?"

"Masara."

Okari alishika jembe bila kulitumia, hata kweleakwelea waliokuwa wamekimbia kelele zake wakarudi kutua kwenye masuke, mmoja mmoja, kama vile hakukuwa na mtu shambani.

"Pawa yangu imeharibika," akasema mwishowe. Uongo. Msumeno wake wa injini ulikuwa nyumbani, umepakwa mafuta na kufungwa kwenye gunia safi.

"Tutangoja itengenezwe," Jacktone akasema. "Huyu mama nimemletea mafundi wawili, wote amewakataa. Amekutaja wewe kwa jina."

Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu Okari akanyage Masara. Alifika huko akiwa kijana kutoka Kisii, akifuata dhahabu kama wengine walivyoifuata, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kapi: kusimama mdomoni mwa shimo na kuvuta juu magunia ya mawe kwa kamba. Chini walikuwa wakishuka watu watatu. Ryoba, Mkuria wa Kegonga, ambaye Okari alilala naye chumba kimoja na kula naye sufuria moja. Omosa, mtu wa kwao Kisii, mwenye mke na watoto. Na kijana mmoja aliyejiita Duke, aliyekuwa na siku nne tu hapo, na ambaye hakuna aliyewahi kujua kwao ni wapi.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, ardhi ilifumba mdomo. Kamba ilimchomoka Okari mikononi, ikaondoka na ngozi ya viganja. Vumbi lilipotulia, hapakuwa na shimo tena. Palikuwa na bonde jipya la udongo mwekundu, na kando yake ule mvule mkubwa, umesimama vilevile.

Kisha wakasikia kugonga. Wachimbaji walikuwa na alama yao: mara tatu, kimya kidogo, halafu mara mbili. Maana yake, tuko hai. Watu waliweka masikio chini, wakalia, wakashika majembe. Waliamua kuwafuata kupitia shimo la jirani. Walichimba kutwa, wakachimba na siku ya pili, na jioni ya siku hiyo ya pili shimo la jirani nalo likaanza kutoa nyufa. Wachimbaji sita walikuwa tayari kushuka tena, kamba viunoni. Mkuu wao akamwita Okari, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuwasikia watu wa chini kuliko wote.

"Sikiliza mara ya mwisho," akamwambia. "Ukisikia, tunashuka. Kama ni kimya, tunaacha."

Okari alipiga magoti kwenye mizizi ya mvule, akaweka sikio. Watu wote walizuia pumzi. Aliinuka akiwa na udongo shavuni, akasema, "Kimya."

Haikuwa kimya.

Shimo liliombewa na kufukiwa siku iliyofuata. Okari hakuwapo. Alikuwa ameshaondoka, na hakuwahi kumwambia mtu alichosikia. Baadaye alisikia redioni kwamba familia za wale watatu, kwa kuwa hazikuwa na kaburi la kuweka jiwe, ziliomba ule mti uwekwe chini ya ulinzi wa sheria, na zikakubaliwa. Aliizima redio kabla majina hayajasomwa.

Jioni ile alimwambia mkewe, Bathsheba, kwamba kuna kazi Masara, kwa mama mmoja mzee aliyemtaja kwa jina, naye hataiendea.

"Ni mama wa nani?" Bathsheba akauliza. Alikuwa akipepeta maharagwe, wala hakuinua macho.

"Hakusema."

"Lakini amekutaja kwa jina."

"Ndiyo."

"Basi hapo hujakataa kazi, baba. Umemkataa yeye." Akapuliza makapi, akaendelea. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mumewe kwa nini usingizini hugonga ubavu wa kitanda kwa vifundo vya vidole.

Alhamisi asubuhi Okari alipakia pawa, kamba na msumeno wa mkono nyuma ya pikipiki, akaenda.

Masara ilikuwa imekua. Nyumba za mabati zilikuwa zimesongamana mahali palipokuwa vichaka, na vinu vya kusaga mawe vilinguruma toka pande zote. Lakini mvule aliuona kutoka mbali, ukisimama peke yake na nafasi yake, kama mtu ambaye wengine hawapendi kukaa karibu naye. Shinani palikuwa na kibao cha bati chenye amri ya serikali na majina matatu. Ryoba na Omosa waliandikwa na majina ya baba zao. Duke aliandikwa Duke tu.

Hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali. Tawi moja la mti, nene kama paja la mtu mzima, lilikuwa limeinama hadi juu ya paa na kulilalia. Mahali lilipogusa, bati lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na kuzunguka pale kutu ilikuwa imefanya duara.

Jacktone alikuwa amefika, kijana mrefu mwenye faili kwapani. Pembeni yake alisimama mwanamume wa makamo mwenye panga, na Okari alimtambua kabla hajasalimiwa. Ni Magige, mdogo wake Ryoba. Alikuwa mmoja wa wale sita.

Kisha mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mama yao. Miaka ile alikuja kutoka Kegonga na sufuria ya chakula kichwani, akaketi kando ya mti siku mbili, na chakula kikachacha bila kuguswa. Sasa alikuwa amejikunja kiunoni, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Umenenepa, Okari," akasema. "Wakati ule ulikuwa mifupa."

"Shikamoo, Mama Ryoba."

"Marahaba. Keti. Kunywa uji kwanza, hii mti haitakimbia."

Alikunywa. Uji wa wimbi ulikuwa wa moto, naye aliumeza vivyo hivyo ili apate la kufanya. Alipouliza kwa nini wamejenga karibu na mti namna ile, Magige alitazama kando. Mama ndiye aliyejibu.

"Nilikuwa nalala Kegonga, lakini usingizi ilibaki hapa. Nikaja kuifuata."

"Na hilo tawi, mama, linakusumbua vipi?"

"Linagonga. Upepo ikiwa, linagonga. Na upepo isipokuwa, kuna kitu inagonga. Nimechoka kujiuliza ni gani na ni gani. Kata, nijue."

Jacktone alicheka kidogo, akidhani ni maneno ya uzee. Okari hakucheka. Aliweka kikombe chini, akafunga kamba kiunoni.

Kupanda mvule si kazi ndogo. Gome lake ni gumu na halina pa kushika, na ukilichubua linatoa utomvu mweupe unaonata kama maziwa yaliyoganda. Okari alitupa kamba juu ya panda la kwanza, akajivuta polepole, miguu ikikanyaga shina. Popo waliokuwa wamelala juu walijigeuza, wakamtazama kichwa chini. Kadiri alivyopanda, ndivyo kelele za vinu zilivyozidi kuwa mbali, mpaka akajikuta katika utulivu wa majani ambao hakuutaka.

Jacktone alikuwa ameshaeleza mahali pa kukata, na Okari alipaona: pale tawi lilipovimba kidogo kabla ya kuungana na shina. Ukikata nje ya ule uvimbe, mti hujifunga kidonda wenyewe. Ukikata ndani yake, unaoza. Alifunga tawi kwa kamba ya pili, akaipitisha juu ya panda na kuishusha hadi mikononi mwa Magige na Jacktone ili walipokee. Kisha akawasha pawa. Alianza kwa chini ya tawi, robo tu, ili lisichanike, halafu akahamia juu. Unga wa mbao ulimwagika, wa manjano, na utomvu mweupe ukachirizika juu ya mikono yake.

Katikati ya tawi, mnyororo ulipiga kitu kigumu. Cheche zikaruka, pawa ikatetema, na mnyororo ukakatika na kujikunja kama nyoka aliyepondwa. Okari alizima injini upesi, akapapasa uso wake kwa vidole. Hakuumia.

"Ni nini?" Jacktone akaita kutoka chini.

"Jiwe. Mvule huota mawe ndani. Hutokea." Ni kweli hutokea, kila mpasua mbao anajua. Hata hivyo alilitazama lile jiwe jeupe lililochungulia ndani ya mbao, futi thelathini kutoka ardhini, naye akaligusa kwa ncha ya kidole.

Alishusha pawa kwa kamba, akachomoa msumeno wa mkono. Akalikumbatia shina kwa mkono mmoja apate kujikaza, kifua chake kikagusa gome.

Hapo ndipo aliposikia. Mara tatu. Kimya kidogo. Mara mbili.

Mapigo hayakuja kwa masikio. Yalikuja kupitia mti, yakaingia kifuani, kama mtu anayegonga upande wa pili wa mlango ambao umeuegemea. Okari alitazama majani. Hakuna hata moja lililotikisika. Alijiambia kuwa ni tawi lililokatwa nusu linalalamika, nyuzi zake zinavunjika. Alingoja. Yakaja tena. Tatu. Mbili.

"Nani anagonga?" akapiga ukelele.

"Hakuna mtu anagonga, fundi!" Jacktone akajibu. "Uko sawa? Shuka upumzike!"

Okari alitazama chini. Jacktone na Magige walikuwa wameshika kamba, nyuso juu, wakimshangaa. Mama Ryoba hakuwa akimtazama. Alikuwa amesimama shinani, kiganja kimoja kwenye gome, macho amefumba.

Alikata. Alikata kama mtu anayekimbia, msumeno ukizunguka jiwe, mpaka mkono ukafa ganzi. Tawi likalia, likaning'inia kwenye kamba, likaachana na paa kwa mkwaruzo mrefu wa bati, na wale wawili wakalishusha taratibu hadi chini. Alishuka kwa kamba. Aliketi palepale kwenye mizizi.

Jacktone alipima kidonda cha mti kwa macho, akapiga picha kwa simu, akaenda kuketi kivulini mwa nyumba kujaza fomu zake. Magige akaanza kuondoa matawi madogo kwa panga. Mama Ryoba akajishusha polepole, akaketi karibu na Okari.

"Siku ile," akasema kwa sauti ndogo, "sikio uliweka wapi?"

Okari alionyesha kwa kidole. Ilikuwa hatua moja tu kutoka pale walipokaa.

"Na ulisikia nini?"

Miaka kumi na miwili alikuwa ameliandaa jibu lake kwa namna nyingi. Alilijua la kumwambia Mungu, la kumwambia polisi, hata la kumwambia Ryoba. La yule mama hakuwahi kuliandaa.

"Niliwasikia," akasema. "Tatu, halafu mbili. Waligonga mara nne kabla sijainuka."

Mama alipangusa unga wa mbao kwenye mzizi.

"Shimo la pili lilikuwa linapasuka, mama. Nililiona. Ningesema ndiyo, wale sita wangeshuka, na wasingetoka. Nilijua wasingetoka. Ama nilijidanganya kuwa najua. Mpaka leo sijui."

"Na mmoja wao alikuwa Magige."

"Ndiyo."

Yule mama alikusanya kanga yake magotini. "Mimi nilikuwa nimeketi upande ule," akasema, "mgongo kwenye mti. Nilimsikia kwa mgongo. Unajua mtoto ukimbeba, akiamka anakupiga teke? Hivyo. Nilijua ni yeye." Akagusa gome. "Uliposema kimya, mimi ndiye ningepiga kelele kwamba wewe ni mwongo. Ulinisikia?"

"Hapana."

"Hapana. Nilimwangalia Magige amesimama na kamba kiunoni, nikafunga mdomo. Kesho yake mchana ndiyo aliacha kugonga. Ulikuwa umeenda. Mimi nilikuwa hapa."

Okari alifunika uso kwa viganja vyenye utomvu. "Nimekuwa nikingoja unilaumu," akasema.

"Nakulaumu. Nakulaumu, na mimi najilaumu, na hakuna mmoja anapunguzia mwingine."

Ndipo walipogundua kwamba panga lilikuwa limenyamaza. Magige alikuwa amesimama nyuma yao, majani yamemwangukia mabegani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, lakini uso wake ulionyesha kwamba ilitosha.

"Nani aliwaambia mnichague mimi?"

Mama yake alinyoosha mkono, naye akarudi nyuma hatua moja, kama anayekwepa moto.

"Tulikuwa tayari," akasema. "Sisi sita tulikuwa tumekubali. Hamkutuuliza." Akamgeukia Okari. "Kila mwaka nakuja hapa namwambia ndugu yangu, ungekuwa hai ningeshuka. Namwambia hivyo. Kumbe alikuwa ananiita."

Akaweka panga chini, si kwa kulitupa, bali taratibu, kama kitu ambacho angeweza kukitumia vibaya akiendelea kukishika. Akashika njia ya kwenda barabarani. Mama alimwita kwa jina mara mbili, kwa Kikuria. Hakugeuka.

Jacktone aliinua kichwa kwenye fomu zake. "Kuna shida?"

"Hakuna," mama akasema. "Andika."

Waliketi. Saa nane hivi upepo ulitoka upande wa ziwa, kama unavyotoka kila siku, ukauinamisha mvule wote. Majani yalivuma. Juu ya paa hapakuwa na kitu tena cha kuligusa bati. Mama Ryoba aligeuka, akaliweka sikio lake kwenye shina, na alipoona Okari anafungua kinywa akamwinulia kidole anyamaze.

Alikaa hivyo mpaka upepo ukapita, na baada ya upepo kupita akaendelea kukaa. Okari aliutazama uso wake akitafuta jibu. Aliona machozi, lakini mama anaweza kulia kwa kusikia, na anaweza kulia kwa kutosikia. Hakumwambia, wala Okari hakuthubutu kuweka sikio la kwake.

"Nenda sasa," akamwambia mwishowe. "Salimia mama wa watoto wako."

Okari alitia sahihi pale Jacktone alipomwonyesha, kwamba limekatwa tawi moja na si zaidi, na kwamba mti hautakufa. Akafika Lambwe jua likizama, akamweleza Bathsheba kila kitu tangu kamba ilipomchomoka mikononi. Bathsheba alisikiliza hadi mwisho. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Sabato ilipofika alikwenda kanisani peke yake, akarudi akapika, wakala pamoja kimya.

Wiki ya tatu, mchana, mbwa walibweka. Okari alipotoka alimwona Magige amesimama langoni, viatu vimejaa vumbi, amekonda. Bathsheba akamletea maji, akanywa akiwa amesimama.

"Mama anaendelea aje?" Okari akauliza.

"Yuko. Amekataa kurudi Kegonga. Ameniambia nyumba yake ni ile." Alirudisha kikombe. "Sikuja kwa ajili ya mama. Mke wa Omosa bado yuko kwao Kisii, nimeuliza. Watoto wamekuwa watu wazima. Wewe utawaambia ulichosikia. Na mimi nitakaa hapo waniangalie, wajue baba yao aliachwa chini kwa ajili ya nani."

"Wakitupiga?"

"Watatupiga."

Okari aliingia ndani. Bathsheba alikuwa ameshatoa shati lake la kanisani sandukuni, amelitandika kitandani, na alikuwa akilinyoosha kola kwa kiganja. Okari alilivaa, akafunga vifungo hadi shingoni, akatoka. Magige alikuwa ameshatangulia njiani, haendi upesi wala hasimami, wala hakugeuka kuona kama anafuatwa. Okari akafunga lango, akamfuata.